Maji ya Sabili

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na saba nilitaka vitu viwili: bwawa la kuogelea la peke yangu, na jiko la nje la kuchomea nyama kando yake. Nilivipata vyote viwili kwa muda usiofika mwezi, na bila kuchimba hata shimo moja. Bwawa lilikuwapo tayari. Lilikuwapo kabla baba yangu hajazaliwa, ila halikuitwa bwawa.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka Wete. Nyuma yake palikuwa na sakafu ya kuanikia karafuu, na ng'ambo ya sakafu palikuwa na birika. Lilikuwa kubwa, hatua kumi na nne kwa saba, na maji yake yalimfika mtu mzima kifuani. Mvua iliyonyesha juu ya paa la nyumba iliteremka kwa mfereji ikaingia humo. Ukuta wa mbele ulikuwa mnene kiasi cha mtu kuweza kuukalia, na juu yake fundi wa zamani alikuwa ameandika neno moja tu la herufi za Kiarabu, limetokeza katika chokaa kama mshipa wa mkono: sabili. Maana yake, maji hayo yametolewa kwa ajili ya Mungu, ni ya kila anayeyahitaji.

Aliyeyatoa ni baba wa babu yangu. Waliolijenga birika hawakulipwa, na hawakuwa watu wenye ruhusa ya kukataa. Nyumbani kwetu ilisemekana kuwa mzee yule aliliweka sabili ili asamehewe dhambi zake. Haikusemwa dhambi zipi, na mimi sikuuliza.

Wanawake wa mtaa walikuja kuteka kabla jua halijatoka. Kila mmoja alichota kwa kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini, na alipomaliza aliigonga kata ukingoni mara mbili kudondosha tone la mwisho. Ko, ko. Halafu mwingine. Utoto wangu wote niliamshwa na sauti hiyo.

Mmoja wa waliokuja kuteka alikuwa mama yangu wa ziwa. Mama aliyenizaa alikosa maziwa, akanipeleka kwa mwanamke huyu aliyekuwa amejifungua binti mwezi huohuo, akatunyonyesha wawili. Mama yake yeye alikuwa mmoja wa wale walioyabeba mawe ya birika kichwani. Kwa sheria yetu nilikuwa mwanawe, na binti yake alikuwa dada yangu, siwezi kumuoa wala hana haja ya kujifunika mbele yangu. Kwa hiyo dada huyo aliweza kuniambia lolote, na aliniambia.

Nilisoma sekondari Unguja, nikarudi, nikapata ukarani katika ofisi moja Wete. Baba akafa, shamba likawa langu. Ofisini kulikuwa na kalenda yenye picha ya nyumba nyeupe katika nchi fulani ya joto. Mbele ya nyumba palikuwa na maji ya samawati ndani ya mstatili, watu wamo majini wameshika bilauri, na kando yao mwanamume mwenye kaptula akigeuza nyama juu ya wavu wa chuma. Niliitazama picha ile kila nilipochonga penseli. Nimefikiri sana baadaye ni nini hasa nilichokitamani ndani yake. Si maji, maana bahari imetuzunguka. Nadhani ni uso wa yule mwanamume. Alionekana kama mtu ambaye hakuna anayemngojea kwa lolote.

Nilianza na jiko. Miaka ile mikarafuu yetu mingi ilikuwa ikifa imesimama, leo mbichi, wiki ya pili majani yote mekundu. Kuni zake ni ngumu na moto wake unanukia. Nikajengesha jiko la matofali kando ya birika, kimo cha kiuno, nikampa mhunzi nondo anitengenezee wavu. Kisha nikamleta fundi alikwangue birika na kulipiga lipu ndani, kisha alipake rangi ya samawati ndani na nje.

Fundi alipaka pande zote akaliacha lile neno. Alipofika hapo alisimama na brashi.

"Na hapa, bwana?"

Nikamwambia apake. Alikwenda akapaka ngazi, akapaka ukingo ambao alikwishaupaka, akarudi, akalipaka neno mwisho kabisa. Rangi ya kwanza haikulifunika, wala ya pili. Jua la alasiri lilipolala upande, herufi zilionekana zimeinuka chini ya rangi.

Nataka niseme wazi kwamba nilijua. Nilijiambia kuwa wakfu wa kweli huandikwa kwa kadhi, nami nilikuwa nimepekua makaratasi yote ya baba na sikuona karatasi ya birika. Neno la ukutani, nilijiambia, ni ukarimu wa mzee mmoja, na ukarimu haurithiwi. Hoja hiyo niliipanga vizuri sana. Mtu asiyejua kuwa anakosea hahitaji kupanga hoja.

Nikazungusha ua wa makuti, nikatia mlango na kufuli, nikawaarifu watu kuwa chemchemi ya bondeni ina maji mazuri. Ina maji mazuri kweli, ila kupanda nayo kilimani ni kazi. Hakuna aliyekuja kulalamika. Waliniamkia njiani kama zamani, sabalkheri bwana, ila hawakusimama.

Kwa mama yangu wa ziwa nilikwenda mwenyewe, maana niliona haya asikie kwa watu. Nilimkuta barazani kwake anasuka ukili. Alikuwa amekwisha kuchoka, macho yamefanya ukungu, lakini vidole vilikwenda vyenyewe. Nikamweleza habari yote, na hoja yangu ya makaratasi nikamtolea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mie sina neno, mwanangu," alisema. "Shamba lako. Nnataka kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika, n'oshwe kwa maji ya sabili. Mama alilibeba lile birika, hakupata hata kuoshwa kwa maji yake, alikufa mbali. Mie nnataka."

Nilicheka kwa kufarijika. Nilitegemea aniombe nisijenge. Nikamwambia, "Inshallah, mama. Birika zima lako siku hiyo."

"Zima la nini? N'takwenda kuogelea?" Akaendelea kusuka.

Dada yangu yeye alinikuta siku nyingine karibu na msikiti, na hakusubiri nimsalimu.

"Nasikia umejenga josho."

"Josho gani?"

"La ng'ombe. Wanakuja ng'ombe wa Wete, wanatumbukizwa, wakitoka hawana kupe."

Wanawake aliokuwa nao walijiziba midomo kwa kanga. Jina likashika. Mpaka leo wazee wa kule ukiwauliza birika la bwana hawalijui, lakini josho watakuonyesha.

Marafiki zangu walikuja siku za Jumapili, makarani na mwalimu mmoja, na mara nyingine mkubwa wetu wa ofisi. Tulichoma mishikaki, pweza na changu. Sikatai, nilifurahi. Nilisimama na kaptula yangu nikigeuza nyama, nikahisi nimeingia ndani ya kalenda. Ila asubuhi niliamka nimechelewa, kwa sababu hapakuwa na wa kuniamsha, na nililala kidogo nikiusikiliza ule ukimya kabla ya kushusha miguu.

Baada ya miezi michache maji yakaanza kufanya ukijani. Zamani hayakuwa hivyo, maana yalikuwa yakitekwa na kujazwa, na humo ndani wazee walikuwa wametia visamaki vidogo vya kula mayai ya mbu. Visamaki hivyo vilikuwapo bado. Nilivitoa fundi alipopaka rangi, nikavihifadhi ndani ya mtungi, nikavirudisha. Rafiki yangu mmoja alinipatia kopo la dawa ya unga, ile ya kuulia vijidudu vya maji, akaniambia nitie kidogo kidogo. Mkubwa wetu alikuwa anakuja Jumapili na mkewe. Siku ya Ijumaa baada ya sala niliokota kata ya zamani iliyosahauliwa nyuma ya ukuta, nikaifanya kipimo. Nikatia kata tatu.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa meupe mpaka chini, samawati kama picha. Visamaki vyote vilikuwa vinaelea, matumbo juu. Niliviopoa kwa ungo, nikavimwaga shambani, nikaosha mikono.

Jumapili kama saa nne, mkubwa na mkewe wamo majini, nami nimeweka pweza juu ya wavu, mlango wa ua ukagongwa. Nilimjua mgongaji kwa ugongaji wake, mara mbili, kama kata. Nikatoka. Dada yangu alisimama na ndoo mbili tupu. Kanga alijitanda vizuri, uso mkavu.

"Mama amekwisha," alisema. "Nimekuja kuchukua maji yake."

Nilisema innalillahi. Nilijua la kufanya, nalo lilikuwa jepesi: kurudi ndani, kuwaambia wageni watoke majini, kuzima moto, kufungua mlango. Nilipokea ndoo nikarudi ndani. Mke wa mkubwa alikuwa amelala chali juu ya maji, amefumba macho. Nikaona haya. Nikazishika zile ndoo, nikainama kwenye pembe waliyokuwa mbali nayo, nikachota wao wamo humo humo. Mkubwa akaniuliza kama maji yanakwenda jikoni. Nikasema ndiyo.

Kisha nikazibeba mwenyewe. Dada alitaka kupokea moja, nikamkatalia. Mpaka nyumba ya msiba ni mwendo wa dakika kumi, na watu walisimama kutazama bwana anabeba ndoo, na Mungu anisamehe, nilipendezwa na jinsi nilivyoonekana. Nilijiona mtu anayetimiza ahadi.

Wanaume walikuwa barazani. Nikapita mpaka ukumbini, mlango wa chumba umewekwa pazia. Ndani walikwishachimba ufuo, kile kishimo cha kupokea maji ya maiti chini ya kitanda. Mwoshaji alikuwa bibi mmoja mkongwe aliyewaosha wanawake wa mtaa ule wote, na nyanya yangu pia. Dada akaingiza ndoo. Nikasikia mkono unakoroga maji. Pazia likasogezwa kidogo, nikauona uso wa bibi yule.

"Maji haya ya wapi, baba?"

"Ya sabili. Marehemu aliyataka mwenyewe."

"Yananuka."

Nikamwambia ni dawa, haina neno, ni dawa ya kuyasafisha. Akachota kwa kiganja, akanusa tena, akanipa kiganja chake nami ninuse. Pua yangu ilikuwa imejaa moshi, lakini niliisikia. Nikaanza kuzungumza. Nilimwambia kuwa birika lile limepita kulateni mara nyingi, yaani kile kiasi cha maji ambacho hata najisi ikiingia hayanajisiki mpaka yabadilike. Nilimwambia kuwa maiti mwenyewe hutiliwa kafuri na majani ya mkunazi. Nilisema kwa sauti ili walio barazani wasikie kuwa nimesoma.

Bibi alinisubiri nimalize.

"Sikusema yana najisi. Ni safi haya, ukipenda yanywe. Lakini yamebadilika kwa kitu kilichotiwa, si maji mutlaki tena, maji yaliyo maji tu. Safi ni safi. Hayatwahirishi." Akayaangalia yale maji. "Kafuri naitia mie, mwishoni, chembe. Lakini naanza na maji."

Nikasema nitakwenda kumuuliza shehe. Hapo dada yangu akatoka nyuma ya pazia. Alisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mwingine mahali alipoacha viatu.

"Shehe wa nini? Wee ndo ulosoma. Mlango wa kwanza wa kitabu, mlango wa maji. Mie nilikuwa nyuma ya ukuta wa chuo napepeta mchele, nakusikia ukiukariri. Ulipigwa bakora mpaka ukaujua. N'naujua mie niliyekuwa nje."

Ni kweli. Kila mtoto wa kwetu akianza kusoma fikihi huanza na maji: maji gani yanatwahirisha, yaani yanafaa kwa udhu na kwa kuoshea maiti, maji gani ni safi lakini hayatwahirishi, maji gani ni najisi. Ni somo la watoto wa miaka tisa. Mfano tuliofundishwa ni maji ya waridi. Nilikuwa na kata tatu za dawa mkononi siku ya Ijumaa, nimetoka kusali, nimetia udhu, na halikunipitia akilini hata kidogo.

Bibi hakuyamwaga. Alimpa dada ndoo zile, dada akanirudishia mimi. Wanawake wanne walitumwa bondeni. Nikatoka nikasimama uani nimeshika ndoo zangu, sijui niziweke wapi, na hakuna aliyeniambia.

Chemchemi ni mbali na jua lilikuwa kali. Tulingoja mpaka adhuhuri ikapita. Ndipo upepo ulipogeuka, na moshi wa jiko langu ukateremka kilimani ukaingia katika nyumba ya msiba, kuni za karafuu na pweza. Sikuwa nimezima moto. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alivuta pumzi akasema wenye kula wanakula, akasema bila ubaya, hakujua, au alijua. Nikaona wanawake wa bondeni wanapanda na mitungi kichwani, maji yanawachuruzika mabegani.

Laasiri tulimzika. Nilishuka kaburini kumpokea, maana nilikuwa mwanawe na hiyo ilikuwa haki yangu. Sanda ilinukia kafuri na udi. Mikono yangu ilinuka mafuta ya nyama na ile dawa, nami nikamlaza kwa mikono hiyo.

Niliporudi nyumbani wageni walikuwa wamekwenda. Waliacha barua fupi ya shukrani chini ya sahani. Pweza alikuwa juu ya wavu bado, mweusi mkavu, mikono imejikunja.

Juma lile lile nilifungua tundu la birika, maji yote yakatoka, nikang'oa mlango na ua. Nikasugua ndani mwenyewe siku nne. Masika yakalijaza tena mpaka ukingoni. Niliamka kila alfajiri nikasikiliza. Hakuja mtu. Mwisho nikaenda kwa dada, nikamwomba radhi, nikamwomba na yeye aje ateke ili wengine wamfuate.

"Mie nshakusamehe zamani," alisema. "Lakini tumekwisha kuizoea njia ya bondeni."

Mapinduzi yalipokuja shamba lilichukuliwa, likagawiwa watu eka tatu tatu. Wengi wa rika langu wanayasimulia mambo hayo kwa uchungu. Mimi nina uchungu wangu, ila si kwa birika. Nilihamia Unguja, nikafundisha, nikaoa, nikazaa. Maji ya mfereji wa bomba huku mjini siku nyingine huja na dawa. Natia udhu, naisikia ile harufu, nasita. Mke wangu marehemu alikuwa akiniona nimeinamia karai, ananiuliza kama nimepotelewa na kitu.

Niliwahi kumuuliza shehe mmoja mwenye elimu kubwa. Akasema kama harufu ilikuwa kidogo maji yale yalifaa, pengine bibi yule alizidisha tahadhari. "Ilikuwa kidogo?" akaniuliza. Nikavikumbuka visamaki. Nikamwambia sikumbuki.

Mwaka jana nilikwenda Pemba. Nyumba yetu imebaki kuta, lakini birika lipo, na watu wanateka. Rangi imebanduka karibu yote, ila katika herufi za lile neno samawati imekamata penye vijitundu. Dada yangu anakaa karibu, hana meno, ulimi anao. Nilikwenda kwake na jambo la kumwomba, nami nina hakika alilijua. Tulikaa ukingoni. Alinimiminia maji mikononi nitie udhu, na kabla sijasukutua nikayasogeza puani.

"Wanusa nini? Josho limekwisha, ng'ombe wamekwenda zao."

Sikumwomba. Nilipoaga alinijazia dumu moja dogo, akalifunga kifuniko kwa nguvu, akanipa, hakusema la nini. Nikarudi nalo Unguja nimelipakata, nikaliweka chini ya kitanda. Nilijua ni kidogo mno kwa kunioshea siku yangu ikifika, lakini lingetosha kwa mmiminio wa mwisho. Usiku sikulifungua. Asubuhi nililifungua na kunusa, na ya pili yake, na ya tatu. Yameanza kunuka plastiki. Kitabu kinasema maji yakibadilika kwa kukaa chomboni hayadhuriki. Mlango huo naujua sasa.

Juzi mke wa mwanangu alikuwa akifagia chumba changu, akalivuta dumu kwa ufagio.

"Baba, maji haya ya nani?"

Ingekuwa rahisi kusema ni yangu. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

"Ya sabili," nikamwambia.

Yeye ni mtu wa mjini, sijui kama analijua neno hilo. Alisema basi atayamwagia miasumini yake, imekauka. Akalichukua dumu akatoka nalo. Nilibaki nimekaa kitandani, nikayasikia yanamwagika mpaka yakaisha, kisha akaligonga dumu ukutani, mara mbili, kutoa yaliyobaki.